Kukosea Fomu Si Kusema Uongo: Viza Ikifutwa, Simama Ujibu

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Ndugu zangu, dada zangu, vijana wa Taveta na Voi na Mwatate, na wewe unayetufuata ukiwa mbali zaidi ya hapo. Haya ni maneno tuliyozungumza na vijana hapa Taveta, na tumeyaandika kwa sababu wengi mliomba. Yasome polepole. Ukimaliza, mtumie mwenzako ambaye sasa hivi ana fomu mkononi, maana yeye ndiye anayeyahitaji zaidi.

Niseme mapema: mimi si wakili. Mimi ni mratibu wa jamii, na kazi yangu ni kukufikisha kwa wakili ukiwa umeshajua unakwenda kuuliza nini. Mtu anayekwenda kwa wakili hajui swali lake hulipa pesa nyingi na kurudi na majibu machache.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana ameomba viza. Ya masomo, ya kazi, ya kumfuata mume au mke, ya kumtembelea dada yake Uingereza. Ameipata. Familia imeuza ng'ombe, imechanga, imekata tikiti. Halafu inakuja barua pepe: viza yako imefutwa, kwa sababu maelezo uliyotoa katika maombi hayakuwa sahihi. Wakati mwingine hata barua haiji. Anaambiwa pale kaunta ya uwanja wa ndege, watu wamepanga foleni nyuma yake.

Kijana wa Kiislamu akisoma barua ile anasikia kitu kimoja tu: wewe ni mwongo. Na sisi tumezoea kutiliwa shaka. Wazazi wetu wamesimamishwa mbele ya kamati za uhakiki ili wapewe kipande tu, kipande cha nchi yao wenyewe. Ni Februari 2025 ndipo Rais alipotia sahihi agizo la kuondoa uhakiki ule wa ziada kwa jamii za kaunti za mpakani. Kwa hiyo barua ikija tunaona ni yaleyale, tunaingiwa na aibu, na tunafanya moja kati ya mambo matatu. Kuna anayenyamaza, anasema ni qadar. Kuna anayerudi kwa ajenti yuleyule aliyemjazia. Na kuna anayeomba upya, safari hii jina lake likiwa limeandikwa kwa namna nyingine.

Yote matatu yanakuumiza. Qadar tunaiamini, lakini ngamia unamfunga kwanza. Leo nataka ushike jambo moja: kukosea si kusema uongo, na sheria za nchi nyingi zinaijua tofauti hiyo. Lakini sheria haitakutetea kama umenyamaza. Tofauti hiyo ni lazima uidai wewe, kwa maandishi, na ndani ya muda.

*Makosa yetu yanatoka wapi*

Tutazame tunavyoishi hapa. Holili iko hapo mbele. Mtu ana shangazi Himo, ana mjomba Moshi, siku ya soko anavuka na kurudi. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili kilifunguliwa rasmi mwaka 2016, lakini watu walikuwa wakivuka kwa miguu na kwa baiskeli zamani sana, na wakirudi kabla ya Maghrib. Sasa fomu inauliza: umesafiri nchi gani nyingine katika miaka kumi iliyopita? Unaandika: hakuna. Moyoni mwako hujadanganya. Kwako wewe Holili si safari, ni sokoni. Lakini kwa afisa anayesoma fomu akiwa London, Tanzania ni nchi. Akikuta muhuri mmoja, au picha yako mtandaoni ukiwa harusini Moshi, jibu lako limeshakuwa si sahihi.

Njoo kwenye majina. Kipande kinasema Mohamed, cheti cha kuzaliwa kinasema Muhammad, cheti cha shule kinasema Mohammed. Sisi tunatumia jina lako, la baba na la babu. Fomu yao inataka jina la ukoo, na kila mara unayejaza unachagua jingine. Dada ameolewa, na kwa Uislamu anabaki na jina la baba yake, lakini kuna mahali karani alimwandikia jina la mume. Watu watatu kwenye karatasi, kumbe ni mtu mmoja.

Njoo kwenye tarehe. Nyumbani wanakumbuka ulizaliwa mwaka wa mvua nyingi, siku chache kabla ya Ramadhani. Karani hakuwa na muda wa hadithi, akaandika tarehe 1 Januari. Baadaye ukatafutwa cheti cha kuzaliwa, kikaja na tarehe nyingine.

Njoo kwenye ndoa. Nikahi imefungwa msikitini, mashahidi wapo, mahari yametolewa, lakini ndoa haijaandikishwa serikalini. Fomu inauliza: umeoa? Ukisema ndiyo, cheti huna. Ukisema hapana, umemkana mkeo. Wengi huandika hapana ili mambo yaende haraka. Miaka miwili baadaye anaomba viza ya mke, na faili la kwanza linamsuta.

Na njoo kwenye lile linalotuuma zaidi: umewahi kukamatwa? Aprili 2014, katika msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu walizolewa, wengi kutoka Eastleigh, wakapelekwa hadi uwanja wa Kasarani. Wengi waliachiliwa bila kushtakiwa kwa lolote. Hapa Pwani pia kuna vijana waliolala seli usiku mmoja wakatoka asubuhi bila karatasi. Sasa elewa hili: kukamatwa, kushtakiwa na kuhukumiwa ni mambo matatu tofauti. Fomu moja inauliza la kwanza, nyingine la pili, nyingine la tatu. Kijana anasoma haraka, au ajenti hamuulizi kabisa, anapiga alama ya hapana.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeamka asubuhi akakusudia kudanganya serikali ya mtu.

*Sheria inasemaje*

Tofauti ya kukosea na kukusudia sisi hatukufundishwa na wageni. Katika Surat An-Nisa, aya ya 92 na ya 93, hata jambo zito kama kuua limegawanywa: aliyeua kwa kukosea ana hukumu yake, na aliyekusudia ana yake. Kama dhambi kubwa namna hiyo inaangaliwa nia yake, kisanduku cha fomu kitakosaje?

Sasa tuangalie nchi tatu ambazo vijana wetu huomba sana.

Uingereza. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya huko iliamua kesi inayojulikana kama AA (Nigeria). Mwombaji alikuwa amejibu kwamba hana hukumu yoyote ya makosa, kumbe alikuwa na hukumu za makosa ya barabarani. Serikali ikasema kanuni iko wazi: maelezo ni ya uongo, ombi linakataliwa. Mahakama ikakataa kuisoma kanuni hivyo. Ikasema neno uongo pale lina maana ya kudanganya kwa makusudi. Jibu ambalo halikuwa sahihi peke yake halimfanyi mtu kuwa mdanganyifu. Tofauti hii si maneno matupu, kwa sababu ukihesabiwa umetumia udanganyifu katika maombi, unaweza kufungiwa Uingereza kwa miaka 10.

Marekani. Huko adhabu ni kali zaidi: aliyesema uongo ili apate viza anaweza kuzuiwa maisha yake yote, mpaka aombe msamaha maalum wa sheria. Lakini hata sheria yao inataka mambo mawili yakutane. Liwe la kukusudia, na liwe na uzito, yaani jambo ambalo lingeweza kubadilisha uamuzi. Kukosea herufi moja ya jina la babu si sawa na kuficha ndoa.

Australia ni tofauti, na ni vizuri uijue. Sheria yao ya uhamiaji inasema jibu ni kosa hata kama aliyelitoa hakujua kwamba ni kosa. Inasema pia kwamba fomu uliyojaziwa na mtu mwingine inahesabiwa umeijaza wewe. Kwa hiyo kule huwezi kusema "ni ajenti" ukadhani yamekwisha. Lakini sheria hiyohiyo inataka upewe ilani kwanza, uambiwe ni jibu gani, ujibu, na afisa apime mazingira: ukweli ni upi, kosa lilitokeaje, wewe umefanya nini baada ya kujua. Sheria inasema afisa anaweza kufuta, haisemi lazima afute. Katika neno hilo "anaweza" ndipo pana nafasi yako ya kupigania.

Basi barua ikifika, swali lako la kwanza liwe hili: wananiambia nimekosea, au wananiambia nimedanganya? Majibu yake si mamoja.

*Haki ya kusikilizwa*

Wengi mnamjua Novak Djokovic, mcheza tenisi. Januari 2022 alitua Melbourne, akazuiwa uwanjani. Viza yake ilifutwa kwa habari ya chanjo ya Korona. Na katikati ya sakata lile ikajulikana kwamba fomu yake ya safari ilisema hakusafiri popote siku 14 kabla, kumbe alikuwa Serbia na Uhispania. Akasema aliyemjazia ndiye aliyekosea kupiga alama. Umeona? Bilionea naye ana ajenti wake wa saiba!

Lakini sikiliza sehemu yenye faida. Maafisa walimwambia atakuwa na muda hadi saa mbili na nusu asubuhi ili azungumze na mawakili wake ajibu. Wakaifuta viza saa moja na dakika 42, kabla ya muda ule kufika. Tarehe 10 Januari jaji akautengua uamuzi, kwa sababu hakupewa muda alioahidiwa. Siku chache baadaye waziri alitumia mamlaka yake mwenyewe akaifuta tena, na tarehe 16 mahakama ikamwacha waziri ashinde, Djokovic akaondoka. Kwa hiyo si hadithi ya ushindi. Ni hadithi ya jinsi haki ya kusikilizwa ilivyo na nguvu, na jinsi ilivyo na mpaka wake.

Uingereza tena, Aprili 2019, kesi ya Balajigari. Walikuwa wataalamu waliokwisha kuishi huko miaka mingi. Mapato waliyoandika kwenye maombi ya viza hayakulingana na waliyoandika kwa ofisi ya kodi. Serikali ikawaita si waaminifu, ikawakatalia. Mahakama ya Rufaa ikasema: tofauti ya hesabu inaweza kuleta shaka, sawa, lakini kabla hujamwita mtu si mwaminifu, mwambie shaka yako, mpe nafasi ajieleze, kisha upime alichosema.

Na hapa kwetu Kenya? Tuna kesi kubwa kuliko viza. Februari 2018 serikali ilimfukuza Miguna Miguna hadi Canada. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba alipata pasipoti ya Kenya bila kueleza kwamba alikuwa na uraia wa Canada. Yaani ni lilelile, maelezo ya fomu. Pasipoti ikazuiwa, akaitwa mgeni asiyetakiwa, akapandishwa ndege. Tarehe 14 Desemba 2018, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba raia wa kuzaliwa hakupoteza uraia wake, kwamba aliyotendewa yalivunja Katiba, na akaamuru alipwe shilingi milioni 7. Hukumu nzuri. Lakini Miguna alijaribu kurudi mwaka 2020 akazuiwa, akajaribu tena 2021 akazuiwa, na akakanyaga ardhi ya nyumbani Oktoba 2022. Jifunze yote mawili: kwamba mahakama inaweza kusema wewe ndiye mwenye haki, na kwamba hukumu mkononi na kufika nyumbani ni vitu viwili. Anayeingia njia hii aingie na subira.

Haki yenyewe imeandikwa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinasema uamuzi wa ofisi ya serikali uwe wa haraka, wa halali na wa haki, na ukiathiriwa upewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ya utendaji wa haki serikalini ikaongeza: upewe taarifa kabla, upewe nafasi ya kusikilizwa. Hiyo ni kwa ofisi za Kenya: uhamiaji, usajili wa watu, vyeti vya kuzaliwa. Usichanganye. Mahakama ya Kenya haiwezi kuuamuru ubalozi wa nchi nyingine ukupe viza. Ubalozi una kinga yake chini ya Mkataba wa Vienna wa 1961. Viza ya nchi fulani unaipigania kwa sheria ya nchi hiyo. Lakini karatasi za Kenya zilizozaa tatizo, hizo unazipigania hapa, na hapa una meno.

*Sasa ufanye nini*

Kwanza, hesabu siku. Fungua barua, tafuta tarehe na muda wa kujibu, andika ukutani. Uingereza, kwa zile viza zinazoruhusu mapitio, una siku 14 ukiwa ndani ya nchi na siku 28 ukiwa nje. Viza ya matembezi haina mapitio hayo, kwa hiyo usipoteze wiki ukisubiri mlango usiokuwepo. Australia ilani ya namna hii mara nyingi hutoa siku 14. Ukisema utajibu baada ya Idd, umeshashindwa.

Pili, taka kujua ni jibu gani hasa. "Maelezo yako si sahihi" haitoshi. Ni swali namba ngapi? Wanasema ukweli ni upi, na wameupata wapi? Tafuta nakala ya fomu iliyotumwa. Kama ajenti anayo, aitoe. Akikataa, Uingereza na Australia zina sheria zinazokuruhusu kuomba nakala ya faili lako mwenyewe.

Tatu, eleza ukweli wote mara moja. Usitetee kilichokuwa kosa. Jibu lenye nguvu linakwenda hivi: "Swali la 14 lilijibiwa hapana. Jibu sahihi ni ndiyo, nilivuka kwenda Tanzania mara kadhaa. Naishi Taveta, kilomita chache kutoka mpakani, na nilidhani swali linahusu safari za ndege. Sikuwa na sababu ya kuficha, kwa sababu safari hizo hazikuathiri ombi langu. Naambatanisha kiapo na barua ya chifu kuonyesha naishi wapi." Basi. Hakuna kulia, hakuna kutukana, hakuna kumwita afisa mbaguzi kwenye barua ya kwanza. Hata kama unaamini ni ubaguzi, jibu hoja kwanza, ubaguzi uwe hoja ya wakili wako.

Nne, kila sentensi iwe na karatasi nyuma yake. Majina hayalingani? Nenda kwa kamishna wa viapo, apa kwamba majina yale ni ya mtu mmoja. Ndoa haijaandikishwa? Iandikishe sasa, na mwombe kadhi au msajili aliyefungisha akupe cheti. Ulikamatwa ukaachiliwa? Tafuta cheti cha mwenendo mwema cha polisi, na andika ulikamatwa lini, wapi, ukaachiliwa vipi. Karani alikosea tarehe? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kutaka habari zako zisizo sahihi zirekebishwe, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya serikali ikujibu ndani ya siku 21. Ofisi ikikuzungusha, peleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile tunayoiita Ombudsman. Na hifadhi risiti ya saiba na jumbe za WhatsApp ulizoandikiana na ajenti. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, ni aya ya kuandikiana madeni. Umma ulioamrishwa kuandika deni la jirani unajazaje fomu ya safari bila kubaki na nakala?

Tano, usiombe upya kwa jina jingine. Alama za vidole hazibadiliki kwa herufi. Uingereza, Marekani, Canada, Australia na New Zealand zinabadilishana habari za waombaji. Kosa uliloweza kulieleza kwa ukurasa mmoja litageuka kuwa udanganyifu kamili, na safari hii ni wa kweli. Na fomu zote zijazo zitakuuliza: umewahi kunyimwa au kufutiwa viza? Jibu ni ndiyo, na maelezo yako unayo tayari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sita, tafuta msaada halali. Kwa viza ya nje unahitaji mtu aliyesajiliwa na nchi ile kutoa ushauri wa uhamiaji. Kwa mambo ya Kenya, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya wasio na uwezo. Anayekwambia "nipe elfu themanini, nina mtu ubalozini" hana mtu. Mtu wake ni wewe.

*Kwa mnaokwenda Ghuba*

Dada zangu na kaka zangu mnaokwenda kufanya kazi Saudia, Qatar na Imarati, nyinyi mna hatari ya peke yenu. Kuna ajenti anayekuongezea umri ili ufikie unaotakiwa, au anakuandikia kazi usiyoijua. Anasema ni kawaida. Kisha jambo likienda mrama, aliyetoa maelezo ya uongo ni wewe, na uko kwa tajiri, pasipoti kaishika yeye. Hakikisha ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi, na acha nakala nyumbani kwa mama. Umri wako ni wa Mwenyezi Mungu, ajenti hana ruhusa ya kuugawa upya.

*Na aliyedanganya kweli?*

Hili liliulizwa, na sitalikwepa. Kuna vijana wamenunua taarifa za benki, wamebuni mwajiri, wamekana watoto wao. Harakati yetu inatetea haki, haitaandika uongo wa pili kuficha wa kwanza. Kama wewe ni mmoja wao, mlango wako ni kusema ukweli kwa wakili wako kabla ya kusema lolote kwa afisa. Wakati mwingine ukweli unaoletwa na mwenyewe, kabla hajakamatwa, hupimwa tofauti. Australia sheria inataka ukigundua jibu ulilotoa ni kosa uwaambie mapema uwezavyo. Huenda bado ukapoteza viza. Lakini viza inaombwa tena. Jina likishaharibika ndani ya mafaili, watoto wako nao watakutana nalo.

Na niseme kwa nini hili ni jambo letu sote. Kila mwenye haki anayenyamaza, anaacha faili nyuma yake linalosema: alituhumiwa uongo, hakujibu. Faili la namna hiyo likiwa la kijana mmoja wa Taveta anayeitwa Mohamed, anayefuata kuomba akiitwa Mohamed kutoka Taveta ataangaliwa mara mbili. Ukijibu unajisafishia wewe na unamsafishia anayekuja.

Kwa hiyo wewe uliye na fomu leo, ijaze mwenyewe. Kaa na mama na kipande na vyeti vyote mezani, linganisha herufi kwa herufi. Taja Holili. Taja nikahi. Taja usiku ule wa seli kama swali linauliza kukamatwa. Pasipoeleweka, tumia nafasi ya maelezo ya ziada, ndiyo kazi yake. Ajenti wa saiba achape tu, na asibofye kutuma mpaka umesoma kila ukurasa na kupiga picha ya skrini.

Na wewe uliyekwisha kupata barua, usikae nayo peke yako chumbani. Ilete, tuisome pamoja, tuhesabu siku zilizobaki.

Mwenyezi Mungu atufanye wakweli wa ndimi na wa kalamu, awafungulie njia wanaosafiri kwa halali, na awarudishie haki zao waliodhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.